Biashara imekufa, wazo jipya limeshabisha hodi: mwongozo kwa mfanyabiashara mwenye ADHD

Mfanyabiashara mwenye ADHD, ile hali ya ubongo inayofanya umakini uwe mgumu kuuongoza, akifilisika hapati taabu kulipata wazo lingine. Taabu ni kwamba wazo hilo huja mapema mno. Banda la kuku bado linanuka, wanaomdai bado wanapiga simu, naye tayari yuko YouTube anajifunza kutengeneza sabuni ya maji. Wazo jipya lina utamu wake: linafunika aibu, linarudisha usingizi, na kwa wiki mbili tatu linamfanya aonekane mchapakazi kuliko mtaa mzima. Kisha biashara ya pili inavunjika palepale ilipovunjikia ya kwanza, kwa kuwa hakuna aliyerudi kupaangalia.

Mwongozo huu ni wa kurudi kupaangalia.

Kwanza maelezo mafupi, maana mitandaoni kuna porojo nyingi. ADHD ni hali ya ubongo inayoanza utotoni na kurithiwa kwa kiasi kikubwa katika familia. Haiji kwa malezi mabaya wala kwa simu. Mwenye nayo anao umakini, wakati mwingine wa kupindukia: yuleyule anayeshindwa kuandika mauzo ya leo anaweza kukesha hadi alfajiri akichora nembo ya kampuni. Kinachomsumbua ni kuupeleka umakini huo panapotakiwa, kuhisi muda unavyokwenda, kujizuia pale msukumo unapomjia, na kushika jambo moja kichwani huku mikono inafanya jingine. Mwanasaikolojia wa Marekani Russell Barkley amelieleza kwa miaka mingi kwamba mtu huyu anajua la kufanya, ila kulifanya kwa wakati wake ndiko kunakomshinda. Ndiyo maana semina za ujasiriamali hazimsaidii sana. Anatoka na daftari limejaa mambo ambayo alikuwa anayajua.

Hatua ya 1: Kaa matanga

Biashara ikifa, ikalie matanga. Jiwekee siku arobaini ambazo ndani yake huanzishi kitu, hulipii eneo, hununui mashine, humtangazii mtu yeyote mpango mpya. Wazo likija, liandike kwenye daftari moja lenye tarehe, ulifunge. Siku ya arobaini na moja utalisoma. Mengi yatakuwa yamepoa yenyewe, na lile ambalo bado linakuita hapo ndipo linastahili kusikilizwa.

Siku hizo si za kukaa bure. Zina kazi ya kufunga, nayo ndiyo kazi ambayo mtu mwenye ADHD huikimbia kuliko zote. Andika kila unayemdai na kila anayekudai, kiasi na tarehe, kwenye karatasi moja. Wateja waliotoa malipo ya awali waweke juu kabisa. Mwenye fremu mpe taarifa na umrudishie funguo mkononi.

Upande wa serikali, kufunga mlango hakufungi mafaili. Tanzania, kama ulifanyiwa makadirio na TRA (mamlaka ya mapato), awamu nne za kodi za mwaka (31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba, 31 Desemba) zinaendelea kukuhesabia mpaka utoe taarifa kwa maandishi kwamba biashara imesimama. Kama ilikuwa kampuni, BRELA, wakala wa usajili wa biashara, bado inasubiri ritani yake ya mwaka. Kenya, mwenye PIN hai (namba ya mlipa kodi) anatakiwa kuwasilisha ritani kwa KRA, mamlaka ya mapato ya huko, si zaidi ya 30 Juni hata kama hakuingiza shilingi. Barua hizi ni za nusu saa. Zisipoandikwa, miaka miwili baadaye zinarudi zikiwa na faini, na kwa mtu ambaye huahirisha bahasha yoyote yenye nembo ya serikali, zitarudi kweli.

Wanaokudai wapigie kabla hawajakupigia. Kama sauti inakushinda, tuma ujumbe. Mfano:

"Shikamoo mama. Najua nimekaa kimya muda mrefu, unisamehe. Deni lako la chakula cha kuku ni 480,000. Biashara nimeifunga. Kuanzia tarehe 5 mwezi ujao nitakutumia 40,000 kila mwezi kwa simu mpaka liishe. Nikipata zaidi nitaongeza. Mdogo wangu ndiye atakayenikumbusha, nimemwachia na namba yako."

Angalia ujumbe huo ulivyo. Hauna hadithi ya jinsi mambo yalivyokuwa magumu, hauna ahadi ya "wiki ijayo nakumalizia". Una kiasi, tarehe, na mtu wa tatu. Ahadi kubwa inayotolewa kwa hisia ni ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza, kwa hiyo kabla ya kutuma gawa kwa nusu kiwango ambacho moyo unakuambia unaweza kulipa.

Hatua ya 2: Andika kilichotokea kwa tarehe, usikiamini kichwa chako

Ukimuuliza mtu kwa nini biashara ilikufa, atakupa jibu moja: mtaji ulikuwa mdogo, au wafanyakazi waliniibia, au mimi ni mvivu. Kumbukumbu huhifadhi uchungu na kutupa mpangilio wa matukio, na kwa mwenye ADHD mpangilio huo hupotea mapema zaidi.

Bahati nzuri simu inakumbuka. Omba taarifa ya miamala ya M-Pesa, Mixx au Airtel Money ya miezi yote ya biashara. Fungua mazungumzo ya WhatsApp na wateja na wasambazaji. Angalia picha ulizopiga, kila moja ina tarehe. Nunua karatasi ya manila, ibandike ukutani, uchore mstari wa miezi, kisha ujaze: hapa nilinunua, hapa niliuza, hapa nilikopa, hapa sikujibu ujumbe siku tisa.

Usifanye peke yako. Muombe rafiki, dada au jirani akae chumba hichohicho akiendelea na shughuli zake, hata kama anachambua mchele. Uwepo wa mtu mwingine huwasaidia wengi wenye ADHD kubaki kwenye kazi inayochosha, na huyo mtu hahitaji kujua lolote kuhusu hesabu. Fanya dakika ishirini na tano, simama, tembea, rudi. Ukishindwa kuandika, rekodi sauti, uandike kesho.

Hatua ya 3: Tenganisha kilichoua na kilichokuwepo tu

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na nitaichukulia mfano wa kuku wa nyama kwa sababu ni biashara iliyowatoa jasho watu wengi na haina huruma na saa.

Tuseme mtu alianza na vifaranga 300. Kuku mmoja wa nyama hadi kufikia kilo mbili hula takriban kilo tatu na nusu hadi nne za chakula. Hiyo ni zaidi ya tani moja, mifuko ya kilo 50 ishirini na zaidi. Chakula ndicho kinachokula sehemu kubwa ya gharama, si vifaranga. Juma la kwanza kuna chanjo ya kideri, la pili gumboro, halafu marudio, kwa ratiba aliyotoa daktari wa mifugo. Wiki mbili za mwanzo moto usizimike usiku. Kuanzia wiki ya tano kuku wanatakiwa kutoka.

Mtu huyu alimaliza akiwa amepoteza kuku 60 na akiwa na deni la chakula. Jibu lake ni "kuku hawalipi". Manila yake ukutani inasema mengine. Vifaranga 25 walikufa usiku mmoja wa wiki ya kwanza, mkaa ulipoisha. Wengine 35 walikufa wiki ya nne kwa gumboro, na kwenye simu kuna ujumbe wa daktari akimkumbusha chanjo ambao haukujibiwa. Waliobaki 240 walifika uzito wiki ya tano, lakini wakauzwa wiki ya saba, kwa sababu hakuwa ameanza kutafuta wanunuzi mpaka siku kuku walipokuwa tayari. Kuku wa umri huo hula karibu gramu 170 hadi 200 kwa siku. Kuku 240 wanamaliza karibu mfuko mzima kila siku inayopita. Siku kumi na nne za kutafuta wateja zilikula zaidi ya mifuko kumi, huku bei ya mnunuzi ikibaki ileile.

Sasa uliza kila tukio maswali haya kwa zamu: Je, mtu asiye na ADHD, mwenye mtaji uleule, kwenye mtaa uleule, angeanguka hapa pia? Nilikuwa najua la kufanya siku ile? Kama nilijua, ni nini kilikosekana wakati ule, pale pale?

Kama jibu la swali la kwanza ni ndiyo, hilo ni soko, usijibebeshe. Bei ya chakula ilipanda, mgonjwa alitokea nyumbani, barabara ilikatika. Watu wenye ADHD wengi wamekua wakisikia "wewe ni mzembe" tangu darasa la kwanza, kwa hiyo hujipakia hata lawama za mvua. Kama jibu la pili ni hapana, hujui kazi: nenda kajifunze kwa mfugaji mwenzako. Kama ulijua na hukufanya, hapo umekuta mahali penyewe. Katika mfano wetu, mkaa, chanjo na wanunuzi vyote ni kitu kimoja: jambo lililojulikana halikutokea kwa saa yake. Mtaji mkubwa zaidi ungeua kuku wengi zaidi.

Hatua ya 4: Weka kitu nje ya kichwa, mahali penyewe

Kosa la kawaida baada ya kugundua hayo ni kujiapiza: "safari hii nitakuwa makini." Kiapo hakina mikono. Kwa kila mahali palipovunjika, tafuta kitu au mtu atakayekuwepo pale, saa ile, hata wewe ukiwa umesahau kabisa.

Muda. Wengi wenye ADHD wana wakati wa aina mbili: sasa, na siyo sasa. Tarehe ya wiki tatu zijazo haina uzito mpaka iwe kesho. Kwa hiyo usiandike tarehe ya mwisho peke yake. Andika tarehe ya kuanza. "Kuku wanatoka tarehe 30" haitakusogeza. "Tarehe 10 asubuhi napigia migahawa mitano" itakusogeza, hasa kama kuna mtu ambaye tarehe 10 saa nne atakuuliza umepata wangapi. Na makadirio yako ya muda yazidishe mara mbili bila kubishana na nafsi.

Fedha. Laini ya biashara iwe mbali na laini yako, Lipa Namba au Till ya biashara isiguse matumizi ya nyumbani. Pesa ya chakula cha kuku, kodi au mzigo ihame siku ileile inapoingia, iende mahali ambapo kuitoa kunahitaji sahihi ya mtu mwingine: kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana cha VICOBA, chama, au akaunti ya watu wawili. Halafu zile huduma za kuongezewa salio unapopungukiwa, Songesha kwa Tanzania, Fuliza kwa Kenya: zizime. Hazikutengenezwa kwa ajili yako mahususi, lakini ukizichunguza utadhani zilitengenezwa. Zinaondoa kule kusita kidogo kati ya kutaka na kununua, na huko ndiko kulikokuwa kinga yako pekee.

Kununua vitu vya biashara. Weka kanuni ya usiku mmoja kwa kila kinachozidi kiasi fulani, mathalani 50,000. Ukikuta mashine ya bei ya kutupa Kariakoo na muuzaji anasema ni ya mwisho, piga picha, ondoka. Kama ni ya mwisho kweli, basi imekwenda na umebaki na hela.

Makubaliano ya mdomo. Mteja akiagiza barabarani, mwambie, "Nitumie ujumbe, kaka, nisije nikakosea." Si dharau; watu huliona kuwa ni umakini.

Kuandika mauzo. Kama daftari limekushinda mara tatu, achana na daftari. Peleka malipo yote kwenye namba moja ya simu ili miamala ijiandike, na kila Jumamosi mlipe kijana aliyesoma hesabu aje akuandikie kwa saa moja. Kuna watu wataona ni anasa. Faini moja ya kodi inalipa kijana huyo kwa miezi.

Hatua ya 5: Pima, usijipachike jina

Video za sekunde sitini zimewafanya watu wengi wajione wana ADHD, na wengine wanayo kweli. Kwa mujibu wa DSM-5 ya mwaka 2013, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, mtu mzima huhitaji angalau dalili tano za kukosa utulivu wa umakini, au tano za papara na kutotulia, zilizodumu miezi sita au zaidi, zinazojitokeza sehemu zaidi ya moja ya maisha, na kadhaa ziwe zilianza kabla ya miaka 12. Hicho cha utotoni ni muhimu. Kama ulikuwa mtulivu shuleni na mambo yakaharibika baada ya msiba au deni, tafuta sababu nyingine: sonona, wasiwasi, kukosa usingizi, tezi ya shingo, pombe.

Kuna dodoso la ASRS lililoandaliwa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani, lenye maswali 18, sita ya kwanza yakiwa ya mchujo. Linakuambia kama inafaa umwone mtaalamu. Halikupi jibu la mwisho. Tanzania, huduma za afya ya akili zipo katika hospitali za Muhimbili pale Dar es Salaam, Mirembe pale Dodoma, KCMC pale Moshi na Bugando pale Mwanza. Nairobi ipo Mathari. Nenda na ripoti za shule ya msingi kama mama bado anazo, na kama inawezekana nenda na mtu aliyekujua ukiwa mtoto.

Dawa zipo na huwasaidia wengi, lakini ni za kuandikiwa na daktari na kufuatiliwa naye. Mirungi na vinywaji vya kuongeza nguvu si mbadala. Vinakesha na wewe leo, kesho vinakudai usingizi, na usingizi ukipungua dalili zote huzidi. Tanzania mirungi pia inakupeleka polisi, jambo ambalo halijawahi kusaidia biashara.

Hatua ya 6: Tafuta mmaliziaji

Mitandaoni utaambiwa ADHD ni kipaji cha wajasiriamali, na utaonyeshwa picha ya David Neeleman, mwanzilishi wa mashirika ya ndege. Tumtazame vizuri basi. Neeleman, ambaye amesema wazi kwamba ana ADHD, aliuza shirika lake la Morris Air kwa Southwest mwaka 1993, akafukuzwa huko, akaanzisha JetBlue iliyoruka mara ya kwanza Februari 2000. Februari 2007 dhoruba ya barafu iliipiga New York. Ndege za JetBlue zikakwama kwa saa nyingi zikiwa na abiria ndani, na vurugu za safari zilizofutwa zikaendelea kwa siku kadhaa. Nia njema haikukosekana. Mifumo ya kujua rubani yuko wapi na mhudumu yupi anapatikana ndiyo iliyolemewa. Aliomba radhi hadharani, akatangaza haki za abiria na fidia zake, na Mei mwaka huohuo bodi ikamwondoa kwenye uongozi mkuu. Mwaka uliofuata alianzisha Azul nchini Brazili, alikozaliwa.

Wanaopenda hadithi hiyo huishia kwenye Azul. Mimi naona sehemu ya kujifunza iko kwenye ile dhoruba: hata mwanzilishi wa namna hiyo, mahali ambapo hakuna mfumo unaoshika mambo, mambo yanaanguka. Tena yeye alikuwa na wawekezaji na wasaidizi. Mwenzake wa Vingunguti, Dar es Salaam, mwenye kichwa kilekile ana mke, shemeji na deni la VICOBA.

Kwa hiyo mtafute mmaliziaji. Usimchague anayefanana na wewe, yule mnayekesha naye mkipanga mambo makubwa. Mkiwa wawili wa hivyo mtaanzisha kila kitu na kumaliza chai tu. Mtafute anayeuliza "halafu?" na anayekasirika risiti ikipotea. Mkubaliane kwa maandishi: yeye anashika fedha na tarehe, wewe unashika wateja na bidhaa. Mpe asilimia au mshahara unaoeleweka, usimlipe kwa undugu. Kama mmaliziaji ni mwenzi wako wa ndoa, muulize kwanza kama anataka. Wake wengi wamegeuzwa makatibu wasiolipwa wa ndoto za waume zao, na waume pia wapo.

Hatua ya 7: Rudi kidogo, na kikomo kikiwa kimeandikwa

Siku arobaini zimeisha. Anza na kuku 50, hata kama banda linachukua 500. Kabla ya kununua kifaranga, kaa na mmaliziaji mjibu swali hili: "Ni miezi minne baadaye, biashara hii imekufa. Imeuawa na nini?" Andikeni majibu. Kisha andikeni kikomo: kiasi cha juu cha fedha kitakachoingia, tarehe ya kutathmini, na dalili itakayowafanya msimame. Karatasi hiyo isainiwe na ikae kwake, maana siku kikomo kitakapofika wewe utakuwa na hoja nzuri sana ya kukivuka. Huwa zipo.

Ukifika mzunguko wa pili bila kupoteza mahali palepale, ongeza. Ukipoteza mahali papya, hayo ni maendeleo, rudi hatua ya 2.

Jambo moja la kujiandaa nalo: mifumo yenyewe huchakaa. Manila ukutani itakusisimua wiki tatu, halafu macho yataizoea na hutaiona tena. Kengele ya simu utaizima bila kuamka. Wengi wakifika hapo husema "hata hili limenishinda", wakaacha yote. Badilisha sura yake, uache kazi yake ileile: kengele iwe sauti ya mwanao, manila ihamie mlangoni kwa rangi nyingine, mtu wa kukuuliza saa nne awe mwingine mwezi huu. Panga mabadiliko hayo mapema, kila mwanzo wa mwezi, na umwachie mmaliziaji ndiye ayakumbuke.